Ruzuku ya nishati safi inayolipwa baada ya kazi kwisha inamsaidia nani?

Mkoboaji (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi utakuwa mrefu, naomba mnivumilie. Jambo hili nimekaa nalo moyoni tangu msimu wa mavuno uliopita.

Tulikuwa watatu: mimi fundi umeme, mwenzangu fundi wa kuchomelea, na wa tatu mtu wa hesabu. Tulitengeneza mashine ya kusaga mahindi inayokwenda kwa jua bila tone la dizeli. Ya kwanza tuliifunga kijiji kimoja wilaya ya Kilosa: paneli 12 za wati 450 juu ya bati, inveta ya mota, mota ya kilowati 4, na kinu cha nyundo tulichokichonga wenyewe.

Siku ya kwanza akina mama walipanga ndoo tangu saa moja asubuhi. Saa nne jua likakaa vizuri, unga ukatoka laini, watu wakafurahi. Saa saba likapita wingu moja tu. Mota ikapungua nguvu, mahindi yakaendelea kushuka kutoka kwenye faneli, kinu kikaziba. Ikabidi tufungue bolti nne, tuchote chenga kwa mkono, tufunge, tuwashe upya. Likaja wingu la pili, hivyo hivyo. Siku ile tulikifungua kinu mara sita. Mama mmoja alijitwisha ndoo yake akaenda kwenye mashine ya dizeli, mwendo wa kilomita nne, na mtoto mgongoni. Mpaka leo nikifumba macho namwona.

Ilituchukua wiki tisa kupata dawa. Dawa yenyewe ni mlango mdogo wa bati shingoni mwa faneli, unaojifunga mota ikishuka mzunguko. Hauzidi shilingi elfu arobaini. Lakini zile wiki tisa zilikula nauli, chakula, mikanda miwili, inveta moja iliyoungua na kodi ya chumba. Mwenzangu aliuza pikipiki. Mimi niliuza ekari moja na nusu niliyopewa na baba.

Ndipo tukasikia kuna programu ya ruzuku kwa kampuni changa za nishati safi. Sitaitaja jina. Tuliandika andiko, tukaitwa kwenye usaili, tukapita. Tulilia kwa furaha, sisemi uongo. Kuja kusoma mkataba, malipo ni kwa matokeo: funga mashine kumi kwa fedha zako, mhakiki aje azihesabu, ndipo ulipwe milioni tatu na nusu kwa kila mashine. Mashine moja inatugharimu milioni nane na laki nne. Kumi ni milioni themanini na nne. Nani alikuwa nazo?

Benki wakataka hati ya nyumba, sisi tumepanga. Muuza paneli mmoja akatukopesha, tukafunga nne. Mhakiki alikuja baada ya miezi saba. Wakati huo mwenye paneli alishachoka kusubiri, amezing'oa za vijiji viwili. Mhakiki akakuta mashine mbili zinasaga, akaandika mbili. Hakukosea, ndicho alichokikuta.

Swali langu kwenu: fedha ya umma inayokuja baada ya matokeo inamsaidia nani kama si yule ambaye tayari ana fedha? Kampuni changa haifi kwa kukosa fedha za mashine ya kumi. Inakufa kati ya mashine ya kwanza na ya pili, wakati kinu kinaziba na hamjajua kwa nini.

Na mtu asiniambie hizo ni fedha za wafadhili hazinihusu. Angalia ujumbe wako wa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Ukinunua umeme wa 10,000, ukiacha kodi ya jengo, unapata wa 8,196 na senti, VAT inachukua 1,475, EWURA, msimamizi wa nishati na maji, 82 hivi, na 246 zinakwenda REA, wakala wa nishati vijijini. Ile asilimia 3 tunailipa kila siku, mimi na wewe na yule mama mwenye redio na taa mbili. Nina haki ya kuuliza fedha za nishati vijijini zitumikeje.

Naomba michango, hasa kutoka kwa waliowahi kusimamia fedha za namna hii.

Mkaguzi Mstaafu

Pole sana ndugu yangu, wewe na wenzako. Mimi nilisimamia ruzuku za nishati kwa miaka kumi na mmoja kabla ya kustaafu. Nitakueleza mfumo huo ulizaliwaje, kwa sababu hakuna aliyekaa mezani akasema sasa tuwaumize vijana.

Zamani tulikuwa tunatoa fedha mwanzoni. Unasaini, asilimia sitini inaingia kwenye akaunti. Niliwahi kwenda kukagua mtambo wa biogesi ambao tulishalipa karibu gharama zote. Nilikuta shimo limechimbwa vizuri, limejaa maji ya mvua, vyura wanalia. Tofali tulizonunua zilikuwa zimejenga fremu mbili za maduka pale barabarani. Mwenyewe akanikaribisha soda kwenye fremu hiyo hiyo. Nilirudi ofisini nikiwa sina la kuandika, na wakaguzi wanakuja mwezi unaofuata.

Ukikutana na mambo hayo mara tano, mara kumi, unaanza kusema: alipwe yule aliyekwisha kufunga. Ni kinga ya mtia saini. Mikopo ya asilimia kumi ya mapato ya halmashauri, ya wanawake, vijana na wenye ulemavu, mnaikumbuka. Ilisimamishwa Aprili 2023 kwa sababu marejesho yalikuwa mabaya na kulikuwa na vikundi hewa, ikarudi Julai 2024 kwa utaratibu mpya. Huko ndiko woga unakotoka.

Lakini nakubaliana nawe kwa jambo moja, na nalisema nikiwa nimestaafu, sina cha kuogopa. Malipo kwa matokeo yanafaa kwa kitu ambacho tayari kinajulikana kinafanya kazi. Taa ya sola iliyopimwa, mita, nguzo, unalipa kwa idadi. Kitu ambacho bado kinatafutwa, hayo matokeo utayahesabuje?

Mama Mkaa Mbadala

Nimeusoma uzi huu nikiwa nimeketi karibu na kikaushio changu, nikajiona mimi mwenyewe.

Ninatengeneza mkaa mbadala kwa pumba za mpunga na vumbi la mkaa, nikifunga kwa uji wa muhogo. Kiangazi mambo ni mazuri, wateja ni mama lishe na wachoma chipsi. Masika vitofali havikauki. Ukiuza kikiwa na unyevu kinatoa moshi, mteja anakuona tapeli, harudi. Tatizo langu lote ni hilo la kukausha, na nilijua dawa yake ni kikaushio cha bati jeusi na feni ndogo ya sola.

Nikaenda kuomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia nne ya wanawake. Hauna riba, na nashukuru upo. Lakini lazima uwe kikundi cha watu wasiopungua watano. Mimi nilikuwa na wazo moja na mikono miwili. Nikatafuta majirani wanne. Wawili kati yao hawajawahi kugusa mashine mpaka leo, si kwa ubaya, wao wanauza samaki, kazi yao ni nyingine. Tukapewa milioni nne. Marejesho yalianza mwezi wa nne, masika yenyewe, mkaa umelala chini haukauki. Nililipa rejesho la kwanza kwa fedha ya ada ya mwanangu.

Na jambo lingine ambalo mleta uzi hakuligusa: vipimo. Duka kubwa la mjini lilitaka mzigo wangu, wakaomba cheti cha maabara kinachoonyesha joto, majivu na unyevu. Kipimo kimoja kilikuwa zaidi ya faida yangu ya mwezi. Ukibadili kidogo uwiano wa pumba, unapima upya. Tangu Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia utoke mwaka 2024, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, nasikia habari za mitungi ya gesi na majiko ya ruzuku kila wiki, na nafurahi, maana moshi ule umemmaliza mama yangu mapafu. Ila ruzuku hiyo iko kwa mnunuzi. Anayejaribu kutengeneza kitu kipya hapa hapa nchini, nani anamlipia kipimo?

Umeme Kwanza

Nitasema tofauti, msinichukie. Nchi imejenga Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115, mitambo tisa. Umeme upo. Kwa nini tugawe fedha za walipakodi kwa watu wanaojaribu mashine zinazoziba wingu likipita, wakati nguzo ya TANESCO ikifika kijijini mota ya kawaida inasaga usiku na mchana? Fedha hiyo iende kwenye nguzo na transfoma. Mkuu mleta uzi, nakuheshimu, lakini mlitumia wiki tisa kutatua tatizo ambalo gridi haina.

Mkoboaji

Mkuu Umeme Kwanza, siwezi kukuchukia kwa swali la haki. Nijibu kwa kijiji kile kile.

Nguzo zipo. Zinapita barabarani. Kutoka barabarani mpaka kitongoji tulichofunga mashine ni mabonde mawili na mto. Na mashine ya kusaga inataka umeme wa njia tatu, wakati kilichofika sehemu nyingi za vijijini ni njia moja ya kuwashia taa. Mwenye mashine akiomba njia tatu anaambiwa asubiri transfoma. Akisubiri, dizeli inaendelea kununuliwa kwa madumu.

Bwawa nalifurahia kama wewe. Lakini hata bwawa halikujengwa kwa kumwambia mkandarasi ajenge kwa fedha zake mpaka mwisho, tukishaona umeme ndipo tumlipe. Alipewa malipo ya awali, akalipwa kwa hatua, kila hatua na cheti chake. Mimi ninaomba utaratibu ule ule, kwa fedha ndogo mno.

Shamba la Betri

Wakuu, niko Marekani, nafanya kazi kwenye kampuni ndogo ya betri, watu kumi na wanne. Kampuni yetu ilianza kwa fedha za serikali, kwa hiyo niruhusuni nieleze wenzetu wanavyofanya, maana hoja ya mleta uzi huku ilishapimwa kwa takwimu.

Kuna mpango unaitwa SBIR. Ulianzishwa 1982. Idara kubwa za serikali zinazofadhili utafiti zilitakiwa na sheria kutenga sehemu ya bajeti hiyo kwa kampuni ndogo, na Wizara ya Nishati ni mojawapo. Awamu ya kwanza ni fedha kidogo ya kuthibitisha wazo, ilikuwa dola 150,000 kwa miaka mingi. Awamu ya pili ni karibu dola milioni moja. Ni ruzuku, hawachukui hisa, na hulipi ukishindwa.

Mtafiti Sabrina Howell wa Chuo Kikuu cha New York alichukua orodha za waombaji wa Wizara ya Nishati za miaka mingi. Maofisa huwapanga waombaji kwa alama, kisha mstari unakatwa pale fedha inapoishia. Yeye akalinganisha waliopata wakiwa juu kidogo ya mstari na waliokosa wakiwa chini kidogo yake, watu ambao kwa ubora hawakupishana sana. Matokeo yalichapishwa 2017. Ile awamu ya kwanza, fedha ndogo, ilikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kampuni kupata mwekezaji binafsi baadaye, kutoka asilimia 10 hadi 19. Ile awamu ya pili, fedha kubwa, haikuonyesha faida ya maana namna hiyo.

Na sababu ndiyo inayogusa kinu cha Kilosa. Wengi huku walidhani ruzuku inasaidia kwa sababu ni kama muhuri wa serikali, mwekezaji akiuona anaamini. Yeye hakukuta hivyo. Alikuta fedha ile inalipia majaribio yenyewe: inajenga kifaa cha kwanza, mtu anaona kama kinafanya kazi au la. Ndiyo zile wiki tisa.

Hawajawahi kukosea? Wamekosea, tena hadharani. Solyndra, kampuni ya paneli za sola, walipata dhamana ya mkopo ya dola milioni 535 mwaka 2009, wakafilisika 2011, bunge likawaka moto. Ofisi ile ile ya mikopo iliwapa Tesla dola milioni 465 mwaka 2010, zikarudishwa 2013, miaka tisa kabla ya muda. Ila mjue hizo ni fedha za kiwanda, siyo za majaribio. Wao wametenganisha milango: mlango wa kujaribu, mlango wa kujenga. Sisi tunampeleka mtu wa majaribio kwenye mlango wa kujenga, kisha tunashangaa anarudi mikono mitupu.

Nyanza

Habari ndugu zangu wa Tanzania, naandika kutoka Kisumu. Nilifanya kazi miaka sita katika kampuni ya sola ya kulipa kidogo kidogo kwa simu, kwa hivyo mada hii ninaijua vizuri.

Kwanza niwakumbushe jambo ambalo hata Wakenya wengi wamelisahau. M-PESA tunayojivunia ilianza kwa fedha za umma. Idara ya maendeleo ya kimataifa ya Uingereza, DFID, ilikuwa na mfuko wa ushindani, ikatoa karibu pauni milioni moja, na Vodafone wakaweka kiasi kama hicho. Majaribio yalifanyika kabla ya uzinduzi wa 2007, na mpango wa mwanzo ulikuwa watu walipe mikopo midogo. Wakaona watu wanatumiana pesa tu, wakageuza mpango. Kama mkataba ungesema lipwa kwa idadi ya mikopo iliyolipwa kwa simu, M-PESA ingehesabiwa kuwa imefeli.

Kisha huyo huyo aliyeongoza M-PESA pale Vodafone, Nick Hughes, akawa mmoja wa waanzilishi wa M-KOPA, iliyoanza kuuza sola 2012 kwa malipo ya kila siku kwa simu. Bila malipo ya simu hakuna sola ya kulipa kidogo kidogo. Pauni milioni moja ya 2003 au 2004 imezaa taa katika mamilioni ya nyumba, na hakuna mhakiki angeweza kuihesabu wakati ule.

Pili, fedha ya umma si ruzuku pekee. Kodi pia. Mwaka 2020 Sheria ya Fedha huku kwetu iliondoa msamaha wa VAT kwa vifaa vya sola. Nilikuwa kazini siku hizo. Tulikaa ofisini tukipiga hesabu upya za kila mteja, bei ya kila siku inapanda, wateja wanauliza mbona. 2021 msamaha ukarudishwa. Kwa kampuni kubwa ilikuwa mwaka mbaya. Kwa wale wadogo tuliokuwa tunawauzia vipuri kule Siaya na Homa Bay, wengine hawakufungua tena duka.

Mkaguzi Mstaafu

Ndugu wa Kisumu umesema neno. Kanuni ikibadilika katikati ya safari, fedha yote ya mwanzo inapotea. Hapa kwetu 2020 Serikali iliagiza wauzaji wa umeme wa gridi ndogo, wale wa visiwani na vijijini, washushe bei hadi shilingi 100 kwa uniti, sawa na mteja mdogo wa TANESCO. Ninaielewa nia yake: kwa nini mwananchi wa kisiwani alipe mara nyingi zaidi ya wa mjini? Ni hoja ya haki kabisa. Lakini TANESCO ana wateja wakubwa wa kubeba wadogo. Mwenye gridi ndogo ya sola ana kisiwa kimoja. Kama bei ni ya haki za kijamii, basi pengo lijazwe na mfuko wa umma, na lijazwe kwa kanuni iliyoandikwa. Bila hivyo mwekezaji anayefuata haji.

Ziwa Magharibi

Naongezea moja fupi. Tunajadili fedha za umma, lakini kwa miaka kumi na zaidi fedha nyingi za mwanzo katika sekta hii zilikuwa za umma wa nchi nyingine. Power Africa, mpango wa Marekani wa umeme Afrika, ilianza 2013. USADF, taasisi ya Marekani ya maendeleo ya Afrika, ilikuwa na shindano la nishati nje ya gridi, ruzuku ya hadi dola 100,000 kwa kampuni za Waafrika wenyewe, na zilikuwa zinatolewa kabla, kwa awamu, kwa bajeti mliyokubaliana. Rafiki yangu alinufaika. Mwaka 2025 shirika la misaada la Marekani, USAID, likafungwa, Power Africa ikaisha nayo, na USADF nayo ikatikiswa. Watu walioahidiwa awamu ya pili waliachwa hewani, vifaa viko bandarini.

Januari 2025, miezi hiyo hiyo, marais walikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa Mission 300, kuunganishia Waafrika milioni 300 umeme ifikapo 2030. Nchi yetu iliweka mpango wake mezani. Nisingependa mpango huo nao ukategemee mlango wa mtu mwingine kwa ile fedha ya majaribio. Kiasi chenyewe ni kidogo ukilinganisha na gharama ya nguzo.

Umeme Kwanza

Nimesoma zote. Hoja ya njia tatu nakubali, sikuwa nimeiangalia hivyo. Hoja ya malipo ya awali kwa mkandarasi pia nimeielewa. Ila bado nina shida moja: mkandarasi ana dhamana ya benki. Akitoroka na malipo ya awali, benki inalipa. Kijana mwenye kinu ana dhamana gani? Nipeni jibu la hilo, nitanyamaza.

Mama Mkaa Mbadala

Jibu langu mimi: usinipe fedha mkononi. Mlipe fundi bati. Ilipe maabara. Mlipe muuza feni. Mimi nipe kikaushio na karatasi ya vipimo, na nauli ya kwenda na kurudi. Nikitoroka nitatoroka na nini, na karatasi ya majivu?

Mkaguzi Mstaafu

Dada, umenishinda. Hilo tulilijadili miaka ile tukaambiwa linaongeza kazi ya manunuzi, kwamba kumlipa muuzaji wa feni Ifakara kunataka makaratasi sawasawa na kulipa mkandarasi wa barabara. Ni kweli makaratasi yalikuwa hivyo. Sasa naona ndipo tungeanzia: kanuni nyepesi za manunuzi kwa fedha ndogo za majaribio, malipo yanakwenda kwa muuzaji kwa namba ya malipo, risiti ya EFD, ile mashine ya kodi, inarudi, ofisa wa wilaya anapiga picha. Nchi ya namba za malipo kama hii haishindwi.

Mkoboaji

Wadau, nimekaa nimeandika na kufuta. Haya ndiyo ninayoyaomba, mkaguzi anisahihishe.

Kwanza, fedha ya majaribio itolewe kabla. Iwe ndogo, tuseme milioni tano mpaka kumi, ilipwe kwa wauzaji kama alivyosema dada, na itoke kwenye ile asilimia 3 ya LUKU au kwenye mfuko wa sayansi na teknolojia ulio chini ya COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wao wanajua nani anafaa zaidi. Isidai kikundi cha watu watano. Idai kitu kimoja kigumu: mwisho wa msimu mmoja, andika ukweli. Kilifanya kazi siku ngapi, kiliziba mara ngapi, kwa nini. Aliyeshindwa akaandika ukweli aachiliwe bila deni, na maandishi yake yasomwe na yeyote. Leo hii kuna kijana mahali fulani anafungua kinu chake kwa mara ya sita, hajui kwamba sisi tulishaipata dawa.

Pili, aliyefaulu apewe msimu wa pili, vijiji viwili vitatu, kwa hatua na cheti. Na vipimo vya maabara vilipiwe kwa vocha.

Tatu, hapo sasa ndipo yaje malipo kwa matokeo, pamoja na dhamana ya sehemu ya mkopo benki. Dhamana za namna hiyo zipo kwa wakulima kupitia TADB, benki ya maendeleo ya kilimo, sisi tusaidiwe zitufikie. Na mhakiki awe na siku zake kwenye mkataba. Mimi nikichelewa nakatwa, yeye akichelewa miezi saba hakuna anayekatwa chochote. Kama wangeandika siku 45, zile paneli za vijiji viwili zingekuwa juu ya bati mpaka leo.

Umeme Kwanza, dhamana yangu kwa milioni tano ni kwamba haikupita mfukoni mwangu.

Umeme Kwanza

Sawa mkuu. Kwa milioni tano kwa muuzaji, nakubali. Kwa milioni themanini bado nataka dhamana, na naona nawe umesema hivyo hivyo. Swali la kifundi sasa: huo mlango wa faneli unajifungaje? Shemeji yangu Mvomero ana kinu cha jua, analia na kuziba kila siku.

Shamba la Betri

Na mimi nataka kujua.

Mkoboaji

Ni rahisi. Chukua ile sumaku ya umeme ya vitasa vya milango ya ofisini, hata iliyotumika. Inashikilia kibati kikiwa wazi. Inveta nyingi za mota zina rilei, swichi ndogo ya umeme, ambayo unaweza kuipangia iachie mzunguko ukishuka chini ya kiwango. Sisi tuliweka 38 Hz baada ya kujaribu 42 na 35. Kwa 42 mlango ulikuwa unafunga ovyo, kwa 35 tayari kinu kimeshajaa. Wingu likipita, rilei inakata, sumaku inaachia, kibati kinaanguka kwa uzito wake na mahindi yanasimama. Jua likirudi, msagaji anakinyanyua kwa mkono, kazi inaendelea. Shingo ya faneli iwe na mteremko, usiifanye bapa, chenga zitakwama kwenye ukingo na mlango hautafika chini.

Vipimo vyote nimechora kwenye daftari. Kesho asubuhi kukiwa na mwanga nitazipiga picha kurasa zote nne nizipandishe hapa. Mwambie shemeji apime kwanza upana wa shingo ya faneli yake, yetu ni sentimita 14.

Umeme Kwanza

Nimeshampigia. Anakwenda kupima sasa hivi na tochi.